Karibu na Starehe: Hukumu ya Maneno ya Desturi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tukiwa tumekaa barazani kama ilivyo ada ya watu wa mtaa wetu, kijana mmoja katika wanafunzi alituuliza suala ambalo kwanza tulilicheka. Alisema: "Mtu yuko mlangoni pake anakula, akapita jirani yake, akamwambia 'Karibu'. Moyoni mwake hataki jirani aje, kwani chakula ni cha watu watatu na walao ni wanne. Na jirani anajibu 'Starehe', naye ana njaa. Je, wote wawili hawakusema uwongo? Na kama ni uwongo, mbona wazee wetu, na hao ndio waliotufundisha dini, haiwapiti siku bila ya kuusema?"

Wazee walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa suala lilikuwa na miba kuliko lilivyoonekana. Mmoja wao akasema: "Mwanangu, hiyo ni desturi tu." Kijana akainamisha kichwa kwa adabu, lakini niliona usoni mwake kwamba hakutosheka, na wallahi hata mimi sikutosheka. Kwani tukisema kwamba lililo desturi halina hukumu, tumeufungulia mlango kila upuuzi. Na tukisema kwamba kila neno la desturi lisilolingana na moyo ni uwongo, tumewahukumu wazazi wetu na majirani zetu na nafsi zetu kuwa ni waongo tangu alfajiri hata usiku. Basi nimeandika hapa niliyoyafikiri katika jambo hili, na mwenye kuona kosa na anisahihishe.

Kwanza ijulikane kwamba sharia yetu haikuidharau desturi. Katika kanuni tano kubwa ambazo wanavyuoni wamezifanya kuwa nguzo za fiqhi, moja ni al-ada muhakkama, yaani desturi hufanywa hakimu. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra (1505), ameieleza kwa urefu katika kitabu chake Al-Ashbah wan-Nadhair, na serikali ya Waturuki iliitia katika Majalla, ile sharia ya biashara na madai iliyotungwa baina ya 1869 na 1876. Na sisi Mashafii twaijua kwa matendo hata kama hatukuisoma. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), amesema katika Minhaj kwamba mgeni hula kilichowekwa mbele yake hata ikiwa mwenyeji hakutamka neno. Na sababu yake ni kwamba kule kuliweka sinia mbele ya mtu ni ruhusa kwa desturi, na ruhusa ya desturi ni kama ruhusa ya ulimi. Lakini papo hapo akaweka mpaka: mgeni hana la kukifanya chakula kile ila kukila, wala hachukui kitu akaondoka nacho ila akijua kwamba mwenyewe yu radhi. Tazama basi mambo mangapi yamo katika sinia moja la wali! Hapana mkataba wala shahidi, wala hapana aliyefungua kinywa, na wote wawili wajua nini kimetolewa na nini hakikutolewa.

Ikiwa kimya chaweza kuwa na maana kwa desturi, basi na neno nalo laweza kuwa na maana kwa desturi iliyo mbali na maana yake ya asili. Neno Karibu asili yake ni kumwita mtu asogee. Walakini twalisema kwa mtu anayetaka kuingia, na kwa mtu anayetoka, na muuzaji wa samaki humwambia mtu ambaye hajui kama ana senti mfukoni au hana. Na atushukuruye kwa wema tuliomtendea twamjibu kwa neno hilo hilo. Na jirani apitaye wakati tunakula twamwambia Karibu kwa maana hii: nimekuona, wala sikujificha nawe pamoja na chakula changu. Hiyo ndiyo maana ambayo msemaji na msikiaji wote wawili waijua. Imam Ghazali, naye alifariki mwaka 505 (1111), alipoeleza maafa ya ulimi alisema kwamba mtu akimwambia mwenziwe "nimekwambia mara mia" hakusema uwongo ikiwa amemwambia mara nyingi, ijapokuwa hazikufika mia, kwani kila mtu ajua kuwa hakukusudia hesabu. Neno limepimwa kwa mizani ya wale walitumiao.

Na wanavyuoni wa balagha wameyagawa maneno mafungu mawili: khabari, nayo ndiyo iwezayo kuwa kweli au uwongo, na insha, kama vile kuamrisha na kuuliza na kuita, nayo haiambiwi kweli wala uwongo. Karibu ni wito, si khabari. Aitaye hakukueleza lililo moyoni mwake.

Sasa tulitazame jibu. Hapa naona wazee wetu walikuwa na busara kubwa kuliko tunavyowadhania, kwani jibu la adabu walilotuachia si "nimekula", wala si "nimeshiba", bali ni Starehe. Na Starehe ni kumwambia mtu: kaa vivyo hivyo, usijisumbue kwa ajili yangu. Nalo pia si khabari. Mwenye njaa akisema Starehe hakusema kwamba hana njaa. Amemwachia mwenziwe raha yake, basi. Ama asemaye "Ahsante, nimeshiba sasa hivi", naye tangu asubuhi hakutia kitu kinywani, huyo ametoa khabari, na khabari yake ni uwongo. Imepokewa na Imam Ahmad na Ibn Majah kutoka kwa Bibi Asmaa binti Yazid kwamba Mtume s.a.w. aliwapa wanawake chakula, nao wakasema hawakitamani, akawakataza wasikusanye mambo mawili, njaa na uwongo. Mwenye kuizingatia hadithi hii ataona ndani yake huruma kabla ya makemeo. Uwongo huu haumdhulumu mtu mwengine, wamdhulumu yule yule anayeusema, kwani alikuwa na shida moja na sasa ana mbili.

Na vijana wetu wa leo, nasema haya kwa kupita, wameliacha neno Starehe kwa kuliona ni la kizee, wakachukua "nimekula, ahsante". Wamelitupa neno lililo safi wakaokota lililo na doa, na wao wadhani wamestaarabika.

Nilipofika hapa katika fikira zangu nilifurahi, nikaona jawabu la yule kijana limepatikana. Kisha nikaikumbuka hadithi nyengine ikanivurugia. Abu Daud amepokea kutoka kwa Abdalla bin Amir kwamba yeye alipokuwa mdogo mama yake alimwita na kumwambia aje ampe kitu, na Mtume s.a.w. alikuwa amekaa nyumbani mwao. Mtume akamwuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingalimpa kitu, angaliandikiwa uwongo mmoja. Basi hapa wako wapi watu wa balagha? Yule mama naye aliita tu! Na kila mzazi ajua ya kuwa kumwita mtoto kwa ahadi ya kitu ni desturi ya mama wote duniani. Kwa nini desturi haikumwokoa?

Wengine watasema kwamba yule mama alisema "nitakupa", na kutoa ahadi si sawa na kuita tu, nami sikatai. Lakini naona kuna siri iliyo ndani zaidi. Mtoto haijui desturi. Watu wazima wakipeana maneno ya desturi, kila mmoja ajua thamani ya sarafu ile. Ama mtoto huipokea kama ilivyoandikwa usoni. Ukimwambia "njoo nikupe" yeye haoni ila mkono na kitu kilicho ndani yake. Imam Suyuti amesema ya kuwa desturi hutazamwa ikiwa imeenea na kuendelea kwa namna moja, ikivurugika haitazamwi. Basi vipi itatazamwa juu ya mtu ambaye haijamfikia kabisa? Nionavyo mimi, desturi ni hakimu baina ya watu waijuao. Kwa asiyeijua, neno lako lasimama juu ya dhahiri yake, nawe umefungwa nalo.

Na katika watu waijuao, ijulikane kwamba desturi yetu haikuwaacha gizani. Kuna Karibu ya ulimi na Karibu ya moyo, nazo zina alama. Mtu akisema Karibu naye hakuinua macho, na mkono wake u katika tonge, hiyo ni salamu. Akisogea kwenye mkeka na kuacha nafasi, hiyo ni nyengine. Akiita ndani: "Leteni maji mgeni anawe!" basi umekwisha kuwa mgeni wake. Na akiinuka akakushika mkono, kukataa ni kumvunjia heshima. Ndiyo maana adabu yetu ni kukataa mara ya kwanza. Watu wa miji mingine huona kwamba huko ni kujitia tu, nao hawajui hekima yake: kule kukataa mara ya kwanza ni mlango tunaomfungulia mwenyeji ili atoke ikiwa hana uwezo, bila ya mtu kujua kwamba hana. Akirudia kuita, ameuona mlango na hakutaka kutoka.

Jambo hili si la adabu tu, bali lina hukumu. Ghazali katika adabu za kula amesema kwamba mtu akiwafikia watu wanakula, nao wakamwambia ale, na atazame: akijua kwamba wamesema kwa kupenda ale pamoja nao, na ale; na akijua wamesema kwa kumwonea haya, haimpasi kula, bali na atoe udhuru. Na katika vitabu vya Kishafii ni mashuhuri kwamba kitu kilichochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu, kama kilivyo kilichochukuliwa kwa upanga wa chuma. Basi yule mpita njia asemaye Starehe amelinda mambo mawili: sahani ya mwenziwe na dini yake mwenyewe.

Wala mtu asidhani kwamba pwani hii haikuwahi kuwa na Karibu isiyo na shaka. Ibn Batuta alifika Mogadishu mwaka 1331, na ameeleza kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji hutoka na mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akamwendea tajiri mmoja katika jahazi na kusema: huyu ni mgeni wangu. Na tajiri yule hashukii ila katika nyumba ya kijana huyo, isipokuwa ni mtu aliyezoea kuja na ajuana na watu. Mwenyeji humwuzia bidhaa zake na kumnunulia, na atakayefanya naye biashara kwa bei ya kumdhulumu, au pasipo mwenyeji wake, biashara hiyo haikubaliwi. Hapana shaka katika ukarimu huo mlikuwa na faida ya fedha. Sitaki kuwapamba wazee kuliko walivyokuwa. Lakini angalia ya kuwa neno lilikuja pamoja na sahani. Hawakusema kwanza na kwenda kutafuta baadaye. Na hivyo ndivyo ilivyopokewa kwa Sufyan Thawri, kwamba ndugu yako akikuzuru usimwulize kama atakula au umletee, bali mletee. Akila ni vyema, asipokula ondoa. Na kabla ya wote hao ni Nabii Ibrahim a.s., ambaye Qur'ani yatusimulia kwamba alipofikiwa na wageni asiowajua aliondoka kwa siri kwenda kwa ahali zake, akaja na ndama aliyenona, akamsogeza karibu yao, ndipo alipowauliza kama hawali. Suala lilikuja baada ya nyama.

Mlango wa pili wa jambo hili ni Hodi, nami sitakaa sana hapo. Qur'ani katika Suratun-Nur imetufundisha tusiingie nyumba za watu ila kwa idhini na salamu, na tukiambiwa turudi, turudi, kwani ni safi zaidi kwetu. Na Abu Musa Al-Ashari alirudi mlangoni kwa Sayyidna Umar baada ya kuomba idhini mara tatu bila kujibiwa, na Umar hakuikubali hoja yake mpaka alipoleta shahidi kwamba Mtume aliamuru hivyo. Lakini niambieni, ndugu zangu, ni nani katika sisi awezaye leo kumwambia rafiki yake mlangoni, "Rudi, sasa sina nafasi", na rafiki akaenda zake moyo wake mweupe? Neno ambalo Mola wetu ameliruhusu tumelifanya kuwa tusi. Na kwa kuwa twaliogopa, twamtuma mtoto: "Mwambie baba hayupo." Mtoto asiyejua desturi huenda akasema: "Baba asema hayupo." Watu wakacheka, na baba akaona haya, kisha akamfundisha mwanawe kusema uwongo vizuri zaidi. Hapa hakuna insha wala mara mia ya Ghazali. Hii ni khabari, na ni uwongo mtupu. Na ndugu yake ni yule asemaye katika simu ya mkononi "niko njiani, nafika", naye hajavaa kanzu.

Narudi kwa mgeni asiyejua desturi. Miji yetu ya pwani leo imejaa watu waliotoka bara na nchi nyengine, wengi wao ni Waislamu wenzetu, na makwao mtu akiambiwa njoo ule, huenda akala. Wafikapo kwetu wakaambiwa Karibu, huketi. Nimeona kwa macho yangu mtu wa namna hii ameketi kwenye sinia la watu, na wenyewe wakatazamana, na alipokwisha kwenda zake wakamcheka mpaka machozi: "Hana adabu huyu! Kaambiwa Karibu, kaja kweli!" Nami nilicheka pamoja nao, Mwenyezi Mungu anisamehe. Kwani ukiifuata hadithi ya Abdalla bin Amir utaona kwamba aliyestahiki kuchekwa si yule. Yeye alilipokea neno kama mtoto alivyolipokea neno la mama yake, na sisi ndio tulioliweka neno tupu mkononi mwake.

Na sasa nitaeleza kisa ambacho ndicho kilichonifanya niandike, na lau si aibu ningalianza nacho.

Katika mtaa wetu alikuwako fundi wa kushona kanzu, mzee mwenye heshima zake, ambaye macho yake yaliingia ukungu kidogo kidogo hata akawa haoni tundu ya sindano. Kila siku baada ya Maghribi alikuwa akipita mbele ya baraza yangu kwenda msikitini kungoja Isha, na huo ndio wakati ambao mimi na wanangu twala. Nami kila siku nalimwambia: "Karibu, Fundi!" Naye kila siku alinijibu: "Starehe, Maalim." Wala sauti yake haikubadilika. Mambo yalikuwa hivyo kwa muda wa mwezi au zaidi. Dhamiri yangu ilikuwa imetulia kabisa. Niliona kwamba nimetimiza haki ya jirani, na yeye ametimiza adabu yake, na desturi imekwenda kama saa.

Siku moja nilifikiwa na mgeni, kijana mwalimu kutoka bara aliyekuja kusomesha skuli, mtu wa dini na tabia njema, lakini hakupata kuishi pwani. Tulipokuwa tumekaa tunakula, Fundi akapita. Nikasema: "Karibu, Fundi!" kama nilivyozoea, na tonge mkononi. Akajibu: "Starehe." Mara yule kijana akainuka, akaosha mkono wake haraka, akateremka barazani akamshika mzee mkono na kumwambia: "Mzee wangu, Maalim anakuita." Hakuwa akinitania wala akinifundisha. Alidhani kwa moyo safi kwamba mzee hakusikia vizuri, au kwamba mimi nimemwita naye amepita, akaona ni wajibu wa kijana kumleta. Fundi akanitazama mimi. Nilikuwa sina la kusema ila kusogea.

Akaketi, akanawa, akasema Bismillahi. Nami nimekula na watu wengi katika umri wangu na najua namna mtu alavyo kwa kumridhisha mwenyeji, na namna alavyo mwenye kutamani, na namna alavyo mwenye njaa ya siku nyingi akajizuia ili asionekane. Alikuwa akila polepole sana, tonge ndogo ndogo, na mkono wake ukitetemeka. Hakuna aliyesema neno. Alipomaliza alituombea dua ndefu kuliko ilivyostahiki wali na mchuzi ule.

Usiku nilipoingia ndani nilimweleza mama watoto. Hakushangaa. Akaniambia: "Mbuzi yetu ya kukunia nazi ilikuwa ikiazimwa nyumba ile kila siku alasiri. Sasa huu ni mwezi wa pili haijaazimwa." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema: "Wewe wamwona kila siku. Nilidhani wajua."

Hapo ndipo niliponaswa, na hapo ndipo fiqhi yangu yote ya insha na khabari haikunifaa kitu. Hatukusema uwongo, mimi wala Fundi. Kila mmoja alitumia neno lililo safi, na maneno hayo mawili yaliyo safi yalikaa baina yetu mwezi mzima kama pazia, na nyuma ya pazia mtu ana njaa. Sisemi kwamba pazia ni ovu. Lau Fundi angalilazimika kusimama mbele ya baraza yangu na kusema "nina njaa", angaliona ni afadhali afe. Desturi ilimhifadhi uso wake, na uso wa muungwana si kitu kidogo. Lakini mimi nililifanya pazia kuwa ukuta. Nalijua kwamba macho yake yameharibika, na kwamba mtu asiyeona sindano hashoni, na asiyeshona hapati. Elimu hiyo yote nalikuwa nayo. Kilichonizuia kuijumlisha ni kule kusikia Starehe kila siku na kuridhika nayo, kwani ilikuwa jibu nililolitaka. Desturi hufanywa hakimu, ndiyo, lakini hakimu huhukumu kwa ushahidi alioletewa, na mimi ushahidi niliuficha. Mtume s.a.w. alimwusia Abu Dharr azidishe maji katika mchuzi wake kisha awatazame majirani zake. Nimeisoma hadithi hii mara nyingi nikiutazama mchuzi. Sikupata kulisimamia lile neno la kuwatazama.

Kesho yake tulipeleka chakula nyumba ile, sahani imefunikwa kawa, akichukua mtoto. Na siku ya tatu sahani ikarudi, na ndani yake mna ndimu mbili. Nyinyi mwajua, ndugu zangu, kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Hiyo nayo ni desturi, na ni nzuri. Mama watoto akazitazama zile ndimu, akasema: "Tumewatwika deni." Na kweli, watu wale wasio na kitu walikuwa wamekwenda kutafuta ndimu ili sahani yetu isione haya.

Kwa hiyo tukaacha kupeleka sahani. Mikate ya mofa na samaki siku hizi huenda nyumba ile vimefungwa katika jani la mgomba, na jani halirudishwi. Ama Fundi, bado hupita baada ya Maghribi. Nami nikimwona hulitua tonge na kusimama kabla ya kusema Karibu. Siku nyengine huketi. Siku nyengine husema "Starehe, Maalim", naye hucheka kidogo, na siku hizo humwuliza mtoto kama jani limekwisha kutoka.